UZI: "Wekeni kwenye blokcheni!" Meru na Embu walishagawa daftari kubwa zamani, na kuna la kujifunza

1/
Kila msimu wa siasa huja na dawa yake. Siku hizi dawa ni blokcheni. Hati za ardhi zinaibwa? Blokcheni. Kura zina mzozo? Blokcheni. Pesa za basari hazionekani? Blokcheni. Halafu upande wa pili unajibu: hiyo kitu ni polepole, Wakenya ni wengi, itakwama siku ya kwanza. Wanatukanana hadi saa sita usiku na hakuna aliyeelewa kitu. Kama kawaida ya ukurasa huu, sitataja mwanasiasa wala chama. Tunachambua hoja tu. Chukua chai.

2/
Chini ya kelele zote kuna swali moja la maana, na ni la zamani kuliko kompyuta: daftari moja likizidiwa na kazi, utagawaje kazi bila kugawa ukweli? Wahandisi wa blokcheni wanaumiza kichwa na swali hilo tangu 2009. Meru na Embu walikutana nalo tangu miaka ya 1950, kwa kalamu, vigingi na kamati za wazee. Ndiyo maana leo tunapanda mlima.

3/
Kwanza, blokcheni ni nini hasa? Chukulia chama cha akina mama 20. Kwa kawaida mweka hazina ana daftari moja na wengine wanamwamini. Sasa sema kila mwanachama ana daftari lake, na hakuna mchango unaohesabika mpaka uandikwe kwenye madaftari yote. Ongeza kitu kimoja: kila ukurasa mpya unabeba muhuri uliotokana na ukurasa uliotangulia. Ukifuta mstari wa mwaka jana, mihuri yote ya mbele inakataa kulingana. Mweka hazina hawezi tena kufuta kitu peke yake usiku. Hiyo ndiyo blokcheni. Mengine ni mapambo.

4/
Umeona shida iko wapi? Mchango mmoja unaandikwa mara 20. Mkiongezeka mkawa 200, mchango uleule unaandikwa mara 200. Kuongeza watu hakuongezi kasi hata kidogo, kunaongeza mashahidi tu. Ndiyo sababu Bitcoin, iliyoanza Januari 2009, hufunga ukurasa mmoja kila baada ya dakika 10 hivi na hupitisha takriban miamala 7 kwa sekunde. Ethereum nayo kwa miaka mingi ilipitisha kama 15 hivi kwenye daftari lake la msingi. Kwa dunia nzima, jameni. Hiyo haitoshi hata soko la Gakoromone siku ya soko.

5/
Sasa linganisha na M-Pesa. Ilizinduliwa Machi 2007, na kwa miaka kadhaa mashine zake zilikuwa Ujerumani. Uliyekuwa Maua ukimtumia mama yako pesa Runyenjes, ujumbe ulikuwa unapitia Ulaya kwanza. Mwaka 2015 mitambo ililetwa nyumbani ikiwa na uwezo wa mamia ya miamala kwa sekunde, na tangu hapo uwezo umepandishwa mpaka kuhesabiwa kwa maelfu. Hakuna blokcheni hapo. Kuna kampuni moja, daftari moja, na mashine nyingi zinazogawana kazi chini ya bosi mmoja.

6/
Kwa hivyo yule anayesema "blokcheni ni polepole" hajadanganya. Lakini hajamaliza sentensi. M-Pesa ina kasi kwa sababu sote tumekubali mwenye daftari ni mmoja, na tukizozana tunampigia yeye simu. Kwa pesa ya nyanya hilo halina neno. Je, kwa kura? Je, kwa shamba la babu? Hapo watu hawataki mwenye daftari awe mmoja, hasa kama huyo mmoja ana rafiki serikalini. Kasi na uaminifu huvutana. Kumbukeni hilo, tutalirudia.

7/
Hata wenyewe wa Bitcoin waligombana vibaya kwa jambo hili kati ya 2015 na 2017. Kundi moja lilisema: ongezeni ukubwa wa ukurasa tuandike miamala mingi kwa mara moja. Jingine likasema: mkifanya hivyo daftari litakuwa zito, mtu wa kawaida hataweza kutunza nakala nyumbani, na mwisho tutawategemea matajiri wachache wenye mashine kubwa. Hawakuelewana. Tarehe 1 Agosti 2017 wakagawanyika, na sarafu nyingine ikazaliwa. Ati teknolojia haina siasa? Ilikuwa siasa mwanzo mpaka mwisho: nani ana haki ya kukagua?

8/
Njia ya pili ni kugawa vipande. Badala ya kila mtu kuandika kila kitu, mnajigawa: kundi hili linashughulikia kijiji hiki, kundi lile kijiji kile, wote kwa wakati mmoja. Vipande kumi vikifanya kazi pamoja, kasi inaweza kukaribia mara kumi. Hapa ndipo ninawaita watu wa Meru na Embu, kwa sababu serikali ilifanya jambo hilihili kwenye mashamba yenu.

9/
Mwaka 1954, katikati ya Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ilitoa Mpango wa Swynnerton. Lengo lililotajwa lilikuwa kilimo: kila familia iwe na shamba moja lililopimwa na lenye hati, ipande kahawa na mazao mengine ya kuuza. Lengo lingine lilikuwa la kisiasa: kupata wakulima wenye mali ambao hawatapenda vurugu. Kabla ya hapo familia moja ilikuwa na kipande bondeni, kingine kwenye mteremko, kingine kule juu kwenye baridi. Haikuwa bahati mbaya. Mvua ikikosa huku, unavuna kule.

10/
Na daftari lilikuwa wapi? Vichwani mwa watu. Kwa Wameru kulikuwa na ngazi za mabaraza ya wazee mpaka juu kwa Njuri Ncheke, ambao kitovu chao kinajulikana kuwa Nchiru, Tigania. Mpaka ulijulikana kwa mti, kwa jiwe, kwa kijito, na kwa wazee walioshuhudia. Hakukuwa na mtawala mmoja wa kufuta kumbukumbu. Mzozo ukizuka, waliitwa wanaojua, na ikibidi kiapo kilikuwepo. Nakala ilikuwa kwa wengi. Kasi? Pole sana. Lakini hakuna karani ambaye angeweza kuamka asubuhi akahamisha shamba lako.

11/
Sasa piga picha ya kazi iliyokuwepo: kuhamisha daftari hilo lote la vichwani kuliweka kwenye karatasi, familia baada ya familia, mlima mzima. Afisi moja Nairobi isingeweza kamwe. Kwa hivyo waligawa. Eneo likatangazwa kuwa sehemu ya uamuzi wa ardhi, na kila sehemu ikapewa afisa wake, wapimaji wake na kamati yake ya wakazi. Sheria ya Uamuzi wa Ardhi ya 1968, ile ya Sura ya 284, inataka kamati isiyopungua watu kumi wanaoishi palepale. Sehemu kadhaa zikifanya kazi kwa wakati mmoja. Huko ndiko kugawa vipande kwenyewe, kabla neno halijabuniwa.

12/
Na ilifanya kazi, tusiwanyime haki yao. Sehemu za juu za Embu na Imenti zilipata hati, kahawa ikapandwa, watu wakachukua mikopo kwa hati hizo na watoto wakasoma. Wanaosema "mambo ya serikali hayajawahi kufaulu" wapande barabara ya kutoka Embu mjini kwenda Meru waone mashamba yalivyopangwa. Kilichofaulu ni hiki: wale wanaojua mpaka ndio walioketi kuamua, na juu ilipelekwa hesabu ya mwisho tu. Afisi kuu haikuhitaji kusikiliza kila ushahidi wa kila jiwe.

13/
Lakini mfumo wa vipande una magonjwa yake. Ugonjwa wa kwanza ni mpakani. Sehemu mbili zikipakana, mstari mmoja unakuwa na kamati mbili. Hawa wanasema huu mti ni wetu, wale wanasema ni wao, na kila kamati ina daftari lililo sawa kwa upande wake. Wahandisi wanaujua ugonjwa huu vizuri: muamala unaogusa vipande viwili ni mgumu kuliko mara mbili ya muamala wa kipande kimoja, kwa sababu lazima wote wawili wakubali au wote wakatae. Mmoja akiandika na mwingine asiandike, mali inaweza kuwa na wenyewe wawili, au ikose mwenyewe kabisa.

14/
Ugonjwa wa pili ni wa wingi wa uongo. Mbeere, ambako kazi hii ilishika kasi miaka ya 1970, ilionyesha jambo ambalo mwanaanthropolojia Jack Glazier aliliandikia kitabu kizima mwaka 1985. Ardhi ilipoanza kudaiwa kwa ukoo, koo zilijipanga upya kwa ajili ya kesi. Michango ikakusanywa. Wazee wa kusimulia historia wakatafutwa. Aliyekuwa na watu wengi, pesa na msimulizi hodari alisimama vizuri mbele ya kamati kuliko aliyekuwa na haki tupu. Yaani mila yenyewe ikawa silaha ya kudai.

15/
Kwenye mitandao ya kompyuta, shambulio la namna hiyo lina jina lake, lakini maana ni rahisi: kama kura ni moja kwa kila mashine, nitaleta mashine elfu moja bandia. Bitcoin inajikinga kwa kumfanya kila anayeandika achome umeme mwingi. Ethereum, tangu Septemba 2022, inataka uweke sarafu zako rehani. Zote mbili zinafanya uongo uwe ghali. Lakini angalia kwa makini: zinafanya uongo uwe ghali kwa maskini zaidi kuliko kwa tajiri. Mtu wa Siakago aliyeuza mbuzi kuchangia kesi ya ukoo angekuelewa mara moja.

16/
Ugonjwa wa tatu ndio uliowaumiza wengi: foleni ya juu. Kazi ya chini iligawanywa, lakini malalamiko hayakugawanywa vivyo hivyo. Chini ya Sura ya 284, usiporidhika na daftari unaweka pingamizi kwa afisa ndani ya siku 60. Ukishindwa, una siku 60 nyingine kukata rufaa kwa Waziri. Waziri mmoja, nchi nzima! Bila shaka hakuzisikiliza yeye mwenyewe. Kazi hiyo ilikabidhiwa wakuu wa wilaya, watu ambao tayari walikuwa na usalama, njaa na mabaraza ya kushughulikia. Mfumo uliopanuliwa chini ukawa na shingo nyembamba ya chupa juu.

17/
Na wakati unasubiri, mahakama imefungwa. Kifungu cha 30 cha sheria hiyo kinasema kesi ya madai ya ardhi iliyo ndani ya sehemu haifunguliwi mpaka daftari likamilike, isipokuwa afisa wa uamuzi akubali kwa maandishi. Sheria ya zamani ya kuunganisha vipande, Sura ya 283, ina katazo linalofanana na hilo. Mantiki yake ni nzuri: usiruhusu madaftari mawili yaandike jambo moja kwa wakati mmoja. Lakini mantiki hiyo ilidhani kazi itaisha haraka.

18/
Haikuisha. Igembe na Tigania kuna sehemu zilizotangazwa tangu miaka ya 1960 ambazo mizozo yake imeendelea kufika Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Meru hadi miaka hii yetu. Tafuta hukumu zinazotaja sehemu kama Athiru Gaiti ujionee. Hesabu vizazi: aliyeweka kigingi amekufa, mwanawe amezeeka, mjukuu hawezi kukopa benki kwa sababu hana hati, na hawezi kushtaki bila idhini kwa sababu daftari halijafungwa. Miaka 50 na zaidi muamala uko "unashughulikiwa". Hakuna kompyuta polepole kiasi hicho duniani.

19/
Sasa rudi kwa mwanasiasa anayeahidi blokcheni ya ardhi. Hajatoa wazo hewani. Mwaka 2018 serikali iliunda jopo kazi la kuangalia madaftari yaliyosambazwa na akili bandia, na ripoti yake ya Julai 2019 ilitaja ardhi kati ya maeneo ya kufikiriwa. Mwaka 2021 ukazinduliwa mfumo wa Ardhisasa kuanzia Nairobi, ambao si blokcheni bali ni afisi ya ardhi iliyohamia mtandaoni. Kwa hivyo mjadala ni halali. Swali langu ni: ukifika Tigania, utaandika nini kwenye ukurasa wa kwanza?

20/
Kwa sababu blokcheni inalinda kilichoandikwa. Haijui kama kilichoandikwa ni kweli. Kamati ikiwa ilimpa mjanja ekari tano za mjane, blokcheni itazilinda ekari hizo kwa mjanja, tena kwa uaminifu mkubwa. Sheria yetu ya Usajili wa Ardhi ya 2012, kifungu cha 26, inaacha mlango wazi: hati inaweza kupingwa ikiwa ilipatikana kwa ulaghai ambao mwenyewe alihusika nao, au kwa njia haramu, isiyofuata utaratibu, au ya ufisadi. Mlango huo ni kimbilio la wanyonge. Anayesema "haitabadilika kamwe" kana kwamba ni sifa tupu, mwulize huo mlango atauweka wapi.

21/
Mbona Georgia walifanya? Utaulizwa hivyo, maana mfano huo hupendwa. Georgia ile iliyopakana na Urusi, si lile jimbo la Marekani, ilianza mwaka 2016 kuweka alama za hati zake za ardhi kwenye blokcheni ya Bitcoin. Angalia walichoweka: alama. Kila waraka wa kompyuta unaweza kukokotolewa upate alama fupi kama ya kidole, na ukibadilisha herufi moja alama inabadilika kabisa. Hati zilibaki kwenye afisi yao ya usajili. Blokcheni ilikuwa shahidi tu kwamba tarehe fulani hati ilisema hivi. Na usajili wao ulikuwa umefanyiwa marekebisho makubwa kabla. Hawakuanza na paa.

22/
Ujanja huo wa kupeleka muhtasari badala ya kila kitu ndio uliopunguza foleni ya Ethereum pia. Mpango wao wa kugawa daftari lenyewe vipande waliuweka kando. Badala yake miamala mingi inakusanywa na kuhesabiwa pembeni, kisha juu unapelekwa muhtasari pamoja na ushahidi wa kutosha kuukagua. Tarehe 13 Machi 2024 walifungua nafasi maalum, ya bei nafuu, kwa ajili ya mihtasari hiyo. Daftari kuu halisikii kila neno. Linatunza kile kinachomwezesha yeyote kugundua uongo.

23/
Sasa twende kwenye kura, maana najua mlikuwa mnangoja. Daftari la wapiga kura la 2022 lilikuwa na watu 22,120,458. Tuseme kila mmoja apige kura moja kwa kura moja kwenye blokcheni yenye kasi ya miamala 7 kwa sekunde. Nimepiga hesabu: ni zaidi ya siku 36, mchana na usiku, bila kulala. Na hiyo ni kura ya rais pekee. Wale wa "itakwama" wanashangilia. Ngojeni kidogo.

24/
Kwa sababu Kenya haihesabu kura hivyo. Mwaka 2022 vilikuwa vituo 46,229, kila kimoja na wapiga kura wasiozidi 700. Kura zinahesabiwa palepale mbele ya mawakala, na matokeo ya rais yanaandikwa kwenye Fomu 34A. Nakala moja inabandikwa mlangoni, mawakala wanapata zao, na picha inatumwa juu. Sasa weka alama za fomu hizo 46,229 kwenye blokcheni ileile ya 7 kwa sekunde: ni chini ya saa mbili. Kutoka siku 36 hadi saa mbili, bila kununua mashine yoyote kubwa, kwa kugawa kazi mahali panapofaa tu.

25/
Na tulifika hapo kwa jasho, si kwa kompyuta. Juni 2017 Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba matokeo ya rais yaliyotangazwa katika eneo bunge ni ya mwisho hapo, na makao makuu hayana ruhusa ya kuyabadilisha. Yaani maeneo bunge 9 ya Meru na 4 ya Embu, kila moja ni kipande kinachojifunga chenyewe. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ikafuta uchaguzi wa rais. Kati ya sababu: matokeo yalitangazwa kabla fomu zote za vituo kupatikana, na amri ya kuruhusu seva zikaguliwe haikutimizwa ilivyotakiwa.

26/
Mwaka 2022 picha za Fomu 34A ziliwekwa kwenye tovuti ya umma. Mtu yeyote aliye Ishiara na simu na bando angeweza kujumlisha mwenyewe. Kesi ilienda mahakamani tena, seva zikakaguliwa chini ya amri ya mahakama, na tarehe 5 Septemba 2022 majaji wakathibitisha matokeo. Uwe uliufurahia uamuzi au hukuufurahia, ona kilichobadilika: mzozo uliweza kupimwa kwa karatasi ambayo nakala yake ilikuwa kwa wengi. "Fungua seva" ni kilio cha mfumo wenye daftari moja. Nakala zikiwa mlangoni, mkononi mwa wakala na kwenye simu yako, seva inabaki kuwa tarishi.

27/
Kwa hivyo pande zote mbili za mjadala zina nusu ya ukweli. Blokcheni haihitaji kubeba kila kura wala kila jiwe la mpaka ili iwe na faida, kwa hivyo "ni polepole" si jibu. Na blokcheni haiwezi kufanya kazi ya kamati ya watu kumi inayojua ule mti ulikuwa wa nani, kwa hivyo "tutaweka kwenye blokcheni" nalo si jibu. Kasi unaipata kwa kuamua mambo pale yanapojulikana. Uaminifu unaupata kwa kutawanya nakala. Haki inategemea sehemu ya tatu, ambayo hakuna anayeipigia kampeni: foleni ya malalamiko.

28/
Hiyo ndiyo iliyoangusha ndoto ya ardhi huko Igembe na Tigania. Si uhaba wa vipimo wala wa karatasi. Watu waligawa kazi ya kuandika, wakasahau kugawa kazi ya kusahihisha. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi ninaongeza ya kwetu leo: mali yenye daftari lisiloweza kusahihishwa hupotea na habari zake zote, mwenyewe akiwa anaangalia.

29/
Akija kwenu na ahadi hiyo, msimzomee. Mpeni maikrofoni, kisha muulizeni. Ukurasa wa kwanza utaandikwa na nani, na sisi tutaushuhudia? Nakala itakuwa kwa nani zaidi ya afisi yako? Sehemu mbili zikizozana mpakani, nani anaamua? Na malalamiko elfu moja yakija mwezi mmoja, yatasikilizwa na watu wangapi, kwa siku ngapi? Swali la mwisho ndilo litakalomtoa jasho. Ana jibu, msikilizeni, huenda ana kitu. Hana, basi ni rangi mpya kwenye mlango uleule.

30/
Mwisho wa uzi. Kama familia yenu iko kwenye sehemu ambayo daftari halijafungwa, Meru, Tharaka au Mbeere, andika hapa chini ni hatua gani mmekwama: kamati, pingamizi au rufaa. Usiweke majina ya watu wala namba ya shamba. Na wale wa kusambaza vipande vya uzi bila kusoma wote, nawaona. Angalau someni ya 16.